Nani Amekunywa Maji ya Minza?

Sogeeni, sogeeni. Kaeni vizuri, lakini msikae katikati. Katikati kuna mpira unapita.

Vuuup! Mmeuona?

Huo ni mpira wa soksi. Ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kufungwa kamba. Ukikupiga hauumi. Lakini ukikupiga, umetoka.

Na yule anayeruka katikati ni Minza wa darasa la pili. Anakwepa kushoto. Anakwepa kulia. Akiinama, mpira unapita juu ya mgongo. Akiruka, mpira unapita chini ya nyayo.

Mchezo huo unaitwa rede. Minza anaupenda kuliko chapati. Na chapati anazipenda sana.

Kwenye rede kuna warushaji wawili. Mmoja yuko huku, mwingine yuko kule. Ninyi mko katikati, pamoja na chupa tupu.

Mnakwepa mpira. Mnajaza chupa mchanga. Mnakwepa tena. Mnajaza tena.

Chwa, chwa, chwa.

Chupa ikijaa mpaka mdomoni, mmeshinda. Mkipigwa wote kabla haijajaa, mmeshindwa. Hayo tu. Rahisi kusema, lakini ngojeni muone jasho lake.

Sasa tuanze asubuhi, nyumbani kwa kina Minza.

Baba yake Minza ni golikipa wa timu ya mtaa. Ni siku nyingi hajadaka mpira, lakini ni golikipa.

Kila asubuhi Baba huchukua chupa ya Minza. Huijaza maji ambayo Mama ameyachemsha jana yake yakapoa usiku kucha.

"Haya, mwanangu," Baba husema. "Unywe kidogo kidogo mpaka yaishe."

"Ndiyo, Baba."

Kisha Baba hutikisa mabega na kuimba wimbo wake. Aliutunga mwenyewe, golini, siku ambayo mpira haukuja upande wake.

"Gulu, gulu, gulu, maji yashuke,
kichwa kipoe, miguu iruke."

Minza naye hutikisa mabega. Halafu huyo, mbio, shuleni.

Shuleni kwao kuna desturi moja. Anayetoa chupa ya rede ndiye anayeingia katikati wa kwanza.

Kuingia wa kwanza ni raha. Wote wanakutazama. Wote wanalitaja jina lako. Minza alikuwa akiitaka raha hiyo kila siku.

"Nani ana chupa?" aliuliza Kabula. Kabula ni rafiki yake Minza, na sauti yake inasikika hadi barabarani.

"Mimi," alisema Minza.

"Ina maji."

"Ngoja."

Minza akafungua kifuniko. Akaigeuza chupa juu chini.

Chururuuu.

Maji yote yakaenda chini. Ardhi ikayanywa. Fyooo. Kuku mmoja akaja mbio, akatazama, akakuta kumebaki unyevu tu. Akaondoka amenuna.

"Mwenye chupa aingie," wakasema watoto.

Minza akaingia wa kwanza. Akakwepa, akajaza, akakwepa, akajaza. Chwa, chwa, chwa. Wenzake wakamwimbia:

"Jaza, Minza, jaza!
Jaza, Minza, jaza!"

Moyo wake ulikuwa unaruka kumshinda yeye mwenyewe.

Na kiu je? Kiu alikuwa nayo. Lakini bomba la shule hutoa maji siku linapojisikia. Siku hiyo halikujisikia.

Minza alipofika nyumbani, aliisuuza chupa upesi upesi. Baba akaichukua, akaitikisa.

"Yameisha?"

"Yameisha, Baba."

"Safi sana," alisema Baba. Hakuuliza nani kayanywa.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Chururuuu. Fyooo. Kesho kutwa pia. Chururuuu. Fyooo.

Ardhi ya shule ikanywa maji ya Minza. Minza hakunywa.

Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Kwanza ulimi wake ukakauka ukanata. Akisema "Kabula," inatoka "Kabuba."

Halafu kichwa kikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo.

Halafu alipoenda chooni akachungulia. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Minza akashangaa. Akadhani ni kwa sababu ya maandazi.

Hakumwambia mtu.

Siku ya Jumatano, Mwalimu Kalunde aliwakusanya watoto. Akapuliza filimbi yake, priii.

"Sikilizeni," alisema. "Shule yetu ina viwanja viwili vya rede. Kimoja kiko karibu na bendera. Kingine kiko nyuma ya stoo."

Watoto wa darasa la pili wakaguna. Wao ndio waliokuwa wakicheza nyuma ya stoo.

Huko nyuma ya stoo kuna mbigiri. Mbigiri ni vijiba vidogo vyenye hasira. Unakanyaga, unaruka mguu mmoja, unakanyaga kingine. Karibu na bendera kuna mchanga laini tu, na huko wanacheza darasa la tatu.

"Ijumaa darasa la pili watacheza na darasa la tatu," alisema Mwalimu Kalunde. "Darasa la tatu watarusha. Darasa la pili watajaza. Watakaoshinda watacheza karibu na bendera mpaka shule ifungwe."

Kelele zilizotoka hapo, hata yule kuku alikimbia.

"Tuna Minza," alisema Kabula. "Mchanga laini ni wetu."

"Na sisi tuna Milembe," wakajibu darasa la tatu.

Milembe alikuwa mrefu. Mkono wake ulikuwa mrefu pia. Akirusha mpira, husikii vuuup. Unasikia pa.

Alhamisi wakafanya mazoezi, Kabula akiwa mrushaji. Minza akamwaga maji yake kama kawaida. Chururuuu. Akaingia wa kwanza.

Mpira ukaja. Minza akautazama ukija. Akauambia mguu, ruka. Mguu ukachelewa.

Pa!

"Bahati mbaya," alisema Kabula. "Rudia."

Minza akarudia. Mpira ukaja.

Pa!

Akarudia tena. Safari hii msuli wa mguu ukakaza ukawa mgumu kama muhogo mbichi. Minza akakaa chini akaushika.

Kabula akachuchumaa karibu yake. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

"Minza, umekuwaje? Kesho tunakutegemea wewe."

Minza alijua wanamtegemea. Hilo ndilo lililomtia hofu. Alijua pia kwamba mtu anayepigwa na Kabula hawezi kumkwepa Milembe.

Alirudi nyumbani polepole. Alikuwa amechoka sana. Siku hiyo alisahau kuisuuza chupa.

Baba akaichukua chupa. Akaitikisa. Shaka, shaka. Akaigeuza juu ya kiganja chake. Mchanga ukamwagika.

Baba akautazama mchanga. Akamtazama Minza.

"Mwanangu," alisema. "Maji gani haya yanayoacha mchanga?"

Minza akasema yote. Alisema habari ya chupa, na ya kuingia wa kwanza, na ya chururuuu. Alisema habari ya kichwa. Hata ya chooni aliisema.

Baba akakung'uta mchanga kiganjani.

"Kwa hiyo Mama anachemsha maji," alisema. "Mimi nayatia kwenye chupa. Wewe unayabeba. Anayekunywa ni ardhi ya shule."

"Ndiyo, Baba."

"Basi hiyo ardhi ina afya kukushinda wewe."

Minza akacheka. Katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Kesho nitapigwa, Baba. Nitapigwa wa kwanza. Tutabaki na mbigiri."

Baba akamkalisha pajani. "Ulambe mkono wako," alisema.

Minza akaulamba. "Una chumvi."

"Hilo ni jasho. Ukicheza, maji yanatoka mwilini. Yakitoka, lazima uyarudishe. Usipoyarudisha, kichwa kinagonga na mguu unakaza. Mguu wako hauna kosa. Una kiu."

Minza akautazama mguu wake. Akauonea huruma sana.

Akakimbia jikoni. Akachota maji kikombe cha kwanza. Gulu, gulu, gulu. Akachota cha pili. Gulu, gulu, gulu. Akachota kingine, na kingine.

Kisha akajaribu kuruka.

Chaku, chaku, chaku, likasema tumbo.

"Mama, njoo uone," aliita Baba. "Tuna dumu linalotembea."

Mama akaja, akaweka sikio kwenye tumbo la Minza. Akacheka mpaka akajishikilia mlangoni. Lakini Minza hakuwa na muda wa kucheka naye. Alikuwa anakimbilia chooni.

Aliporudi, Baba alisema, "Ndiyo maana nakwambia kidogo kidogo. Unaanza asubuhi. Husubiri kiu ikuite."

Minza akafikiri. Kulikuwa na jambo moja lililokuwa bado linamsumbua.

"Lakini Baba, chupa ikiwa na maji, siwezi kuitoa. Nisipoitoa, siingii wa kwanza."

"Hapo sasa," alisema Baba. "Mimi sichezi rede. Wewe ndiye unayejua desturi zenu."

Minza akafikiri tena. Alikunja uso. Alikunja hata vidole vya miguu.

"Desturi inataka chupa tupu," alisema taratibu.

"Ehe."

"Haisemi maji yaende wapi."

"Ehe."

"Yanaweza kwenda tumboni kwangu."

Baba akatikisa mabega. Na Minza akatikisa yake.

"Gulu, gulu, gulu, maji yashuke,
kichwa kipoe, miguu iruke."

Ijumaa ikafika. Ijumaa yenyewe ilikuwa na jua kali.

Minza alikunywa kidogo kabla ya kwenda mstarini. Gulu.

Alikunywa kidogo baada ya hesabu. Gulu, gulu.

Alikunywa kidogo baada ya uji. Gulu.

Kichwa hakikugonga. Ulimi haukunata. Akisema "Kabula," inatoka "Kabula." Chooni akachungulia. Hakuna tena rangi ya chai. Akatoka anaruka.

"Nani ana chupa?" aliuliza Mwalimu Kalunde.

"Mimi," alisema Minza. Akanywa funda la mwisho. Akaigeuza chupa juu chini.

Halikudondoka hata tone. Kuku akaja bure.

Shule nzima ilizunguka uwanja wa karibu na bendera. Milembe akasimama upande huu. Upande ule akasimama mwenzake, Holo. Katikati wakaingia Minza, Kabula na wenzao.

Priii!

Vuuup! Minza akainama. Vuuup! Akaruka. Chwa, chwa, akajaza. Vuuup! Akajipinda. Chwa, chwa, akajaza.

"Jaza, Minza, jaza!
Jaza, Minza, jaza!"

Miguu ilikuwa inamsikiliza. Akiiambia ruka, inaruka. Akiiambia kwepa, inakwepa. Minza alitamani kupiga kelele kwa furaha, lakini mdomo ungeingia mchanga.

Pa! Mmoja akatoka.

Pa! Mwingine akatoka.

Milembe alikuwa anarusha bila kupumzika. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kidevu.

Pa! Kabula akatoka. Alitoka anazungumza, na alipofika nje alikuwa bado anazungumza.

Akabaki Minza peke yake. Chupa ilikuwa imefika shingoni. Kilichobaki ni kidogo. Kiganja kimoja, labda viwili.

Holo akarusha. Vuuup! Minza akakwepa. Mpira ukafika kwa Milembe.

Milembe akaudaka. Akainua mkono.

Minza akajiandaa kuruka. Akasubiri. Akasubiri tena.

Mpira haukuja.

"Jaza!" wakasema darasa la pili. "Jaza sasa!"

Minza akachota mchanga. Akainua macho.

Milembe alikuwa amesimama na mpira mkononi. Midomo yake ilikuwa mikavu. Mkono mmoja ulikuwa kichwani. Alikuwa anayumba.

Minza alikijua kichwa hicho. Kilikuwa kinasema ngo, ngo, ngo.

"Jaza, Minza!" Kabula alikuwa anarukaruka. "Harushi! Jaza!"

Mchanga ulikuwa kiganjani. Chupa ilikuwa hapo chini. Mchanga laini wa karibu na bendera ulikuwa chini ya nyayo zake.

Minza akafungua kiganja. Mchanga ukamwagika chini.

"Mwalimu," alisema. "Milembe anaumwa."

Priii! Mchezo ukasimama.

Mwalimu Kalunde akamshika Milembe, akamkalisha kivulini. Minza akachuchumaa mbele yake.

"Leo umekunywa maji?" alimuuliza.

Milembe akatikisa kichwa. "Niliyamwaga asubuhi. Tulikuwa tunafanya mazoezi, nikatoa chupa yangu, niingie wa kwanza."

Kumbe hata darasa la tatu ardhi ilikuwa inakunywa.

"Kabula," alisema Minza. "Una maji?"

Kabula akaikumbatia chupa yake. "Ninayo. Lakini ni ya kunirudisha nyumbani. Na yeye ndiye aliyenipiga."

"Kabula."

"Haya," alisema Kabula, akanung'unika. Lakini alikimbia kuchukua kikombe cha uji, akamimina mpaka kikajaa.

Milembe alitaka kumaliza yote kwa mara moja. Minza akamshika mkono.

"Kidogo kidogo. Ukigugumia, tumbo litasema chaku, chaku. Mimi nakwambia. Mimi nilikuwa dumu."

Milembe akacheka kidogo. Akanywa kidogo. Watoto waliowazunguka wakasikiliza maji yakishuka. Minza akawaimbia wimbo wa Baba, na walioushika wakaimba naye.

"Gulu, gulu, gulu, maji yashuke,
kichwa kipoe, miguu iruke."

Walikaa kivulini muda mrefu. Milembe akanywa, akapumzika, akanywa tena. Macho yake yakachangamka. Mwalimu Kalunde akamtazama vizuri, akamshika paji la uso.

"Anaweza kupumzika, mtu mwingine arushe," alisema Mwalimu.

"Nimepona, Mwalimu," alisema Milembe. "Naomba mmoja tu."

"Mmoja tu," alisema Mwalimu Kalunde. "Ukimpiga Minza, mmeshinda. Akikwepa, amalizie kujaza."

Minza akarudi katikati. Milembe akarudi mahali pake. Shule nzima ikanyamaza. Hata Kabula akanyamaza, na jambo hilo halijawahi kutokea tena.

Milembe akavuta mkono nyuma. Mkono ule mrefu.

Priii!

Mpira ukaja. Haukuja kama ile mingine. Huu ulikuja kwa kasi, chini chini, unaelekea magotini.

Minza akaiambia miguu, ruka.

Miguu ikaruka. Iliruka juu kuliko siku zote. Mpira ukapita chini, ukagusa hewa, ukagusa hewa tena, ukaenda zake mpaka kwenye ukuta wa stoo.

Minza akatua. Akachota mchanga kwa mikono yote miwili.

Chwa, chwa, chwa.

Chupa ikajaa mpaka mdomoni.

Kilichofuata sijui nikisimulieje. Kabula alikuja mbio akamwangusha Minza. Wengine wakawaangukia wote wawili. Watoto wa darasa la pili wakagaagaa kwenye mchanga laini, kwa sababu sasa ulikuwa mchanga wao. Wakatoka wamekuwa weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha.

Milembe alikuja akasimama mbele ya Minza.

"Jumatatu tunataka marudiano," alisema.

"Mje na maji yenu," alisema Kabula.

Jioni Minza aliogeshwa. Yalitumika maji mengi. Mchanga uliotoka ungejaza chupa nyingine.

Akala wali na maharage. Akanywa maji kidogo. Akapanda kitandani. Baba akakaa pembeni, na Minza akamsimulia mechi yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye kuruka, akasimama kitandani ili Baba aone vizuri.

"Lala chini, mwanangu," alisema Baba.

Minza akalala chini. Baba akamfunika shuka.

"Nikuulize kitu," alisema Baba. "Milembe aliposimama, kilibaki kiganja kimoja tu. Wote walikuwa wanakwambia ujaze. Kwa nini hukujaza?"

Minza alimtazama Baba. Aliona ajabu mtu mzima, tena golikipa, kuuliza swali kama hilo.

"Baba," alisema, huku macho yakifumba. "Kama Milembe harushi, mimi nakwepa nini?"